Jinsi ya kuirudia RoboCop ukiwa mtu mzima

Kama umekulia mtaani miaka ya 90 basi RoboCop uliionea kibanda umiza, mmebanana kwenye mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa na gunia, deki inatafuna mkanda pale pale utamu ulipokolea na kibanda kizima kinapiga kelele. Mi niliiangalia hivyo sijui mara ngapi, na kilichobaki kichwani ni bastola inayotoka pajani, lile dude la miguu miwili linaloporomoka kwenye ngazi, na ile sheria yetu ya kibandani kwamba steringi hafi. Juzi nimekaa nayo tena nikiwa na mke na watoto na nikaona kabisa kwamba ile muvi sikuwahi kuielewa, ndo maana nakuandikia hapa namna ya kuirudia bila kuipoteza.

Kabla hujaigusa, chukua karatasi uandike unachokikumbuka. Usiruke hii, kumbukumbu za utotoni zinachanganya mikanda. Mi niliandika kwamba mwishoni anapigana na roboti lililowekewa ubongo wa bosi wa madawa ya kulevya, kumbe hiyo ni ya pili, ya 1990. Unayoitafuta ni ile ya kwanza ya 1987, ya dairekta Mholanzi Paul Verhoeven, Peter Weller ndo steringi, saa moja na dakika arobaini na kitu. Ile iliyorudiwa 2014 iweke pembeni kwanza. Na ukipata isiyokatwa chukua hiyo, maana bodi ya kupima muvi ya Marekani ilimrudishia dairekta mara kadhaa wakiipa daraja la X, yaani watu wazima tu, mpaka alipopunguza damu ndo akapewa R, ambayo mtoto anaingia akiwa na mkubwa wake. Kwa hiyo watoto walale kabisa kabla hujawasha. Sisi hatukuzuiwa na mtu, lakini mkono wa mtu unafumuliwa kwa risasi mbele ya macho yako, hiyo siyo ya mtoto wa miaka tisa hata kidogo.

Weka sauti yake ya asili na maandishi chini kama Kiingereza kinakupiga chenga. Hili ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu zamani tulikuwa tunafuata risasi tu, wale wazee wa suti wakianza kuongea ofisini ndo muda wa kutoka kwenda kukojoa, na sasa hivi hapo ndo pa kukaa usibanduke. Mji ni Detroit ya miaka ijayo, polisi wamekabidhiwa kampuni inaitwa OCP, wanataka kuubomoa mji wa zamani wajenge mpya, na askari wanapanga kugoma. Wanaleta lile dude, roboti la polisi linaloitwa ED-209, mbele ya kikao, kijana mmoja wa ofisini anaambiwa alielekezee bastola, dude linamwamuru aitupe, anaitupa, dude linaendelea kuhesabu tu mpaka linammaliza pale pale juu ya meza. Mkubwa aliyelileta anasema ni hitilafu ndogo. Baadaye huyo huyo anafoka kwamba alishakuwa na uhakika wa kuliuza jeshini na vipuri vya miaka 25, nani anajali kama linafanya kazi au halifanyi! Mi nimefanya kazi upande wa manunuzi, nimeona mashine haijawahi kuwaka hata siku moja na mkataba wa matengenezo unalipwa kila mwaka, hapo nilisimamisha muvi nikakaa kimya.

Alafu Murphy, askari ambaye ndo anakuja kugeuzwa RoboCop. Ile sheria yetu ya steringi hafi hapa haipo, steringi anakufa kabla hata nusu saa haijaisha, na anakufa vibaya. Kinachofuata unakiona kwa macho yake yeye, picha inakatika katika, mafundi wanainama juu yake, wanasherehekea mwaka mpya, dada mmoja anambusu kwenye kioo kilicho mbele ya macho yake. Daktari anafurahi kwamba mkono wa kushoto umepona, bosi wa mradi anasema utoeni, na mwenzake anamuunga mkono, Murphy alishasaini karatasi alipoingia kazini, kisheria ni maiti, tunamfanya tunavyotaka. Rudisha nyuma uione mara mbili. Utotoni niliona wanamtengeneza shujaa, leo nimeona mwili wa mtu umekuwa mali ya kampuni na yeye anasikia.

Sehemu ya nyumbani ndo usiangalie na mtu anayekuongelesha. Anaingia kwenye nyumba yake mwenyewe, tupu, inauzwa, kwenye skrini kuna muuzaji anasifia vyumba kwa sauti ya furaha, na kila akigeuka anamuona mke wake, mtoto anamwomba baba azungushe bastola kama yule wa kwenye TV. Mke anasema kuna kitu lazima amwambie. Halafu hamna mtu. Anaipiga ngumi ile skrini anaondoka. Kibandani hapa watu walikuwa wanapiga miluzi wakitaka mapigano, na mimi pia.

Ukiboreka dakika za mwanzo vumilia. Verhoeven mwenyewe aliutupa muswada wa hii muvi baada ya kurasa chache akaona upuuzi, mke wake Martine ndo aliyeusoma akamwambia urudie, kuna kitu humo. Na usicheke ED-209 anavyotembea kwa kusitasita, Phil Tippett na wenzake walikuwa wanasogeza kidude kidogo kwa mkono picha moja baada ya nyingine, ndo maana lina uzito ambao kompyuta nyingi za leo hazina. Ukimaliza kumbuka pia kwamba Detroit yenyewe iliomba kufilisika mahakamani 2013, ingawa mitaa mingi unayoiona humo ni Dallas.

Usizime mapema. Mzee, yule mkubwa wa OCP, anamuuliza RoboCop jina lake nani, na jibu lake ndo neno la mwisho la muvi nzima. Mi nilimpigia kaka yangu usiku huo huo, yeye ndo alikuwa ananibeba mabegani tuchungulie tukikosa hela ya kuingia, nikamuuliza RoboCop anaitwa nani, akasema si RoboCop tu. Nikamwambia itafute kaka, ukifika pale kwenye nyumba nipigie.