Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kuvisha Ndege Wahamaji Pete Mwambaoni

Kibali kwanza. Kama huna ruhusa ya mamlaka inayosimamia kazi hii nchini kwako, usiguse wavu. Pete si pambo: kila moja ina namba yake na mahali pa kutoa taarifa, utaratibu ulioanza mwaka 1899 huko Denmark, Hans Christian Mortensen alipowavisha kwezi pete za alumini. Namba ikikosewa daftarini ni afadhali ndege angeachwa bila pete, kwa sababu kosa hilo litasafiri miaka mingi. Anayevisha aisome kwa sauti, anayeandika airudie.

Vifaa ni vile vile vya kila kituo: koleo la pete, kipimo cha mguu, rula ya bawa, mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mifuko ya kitambaa ya kuwekea ndege iwe mikavu na mingi kuliko unavyodhani, na mishono yake iwe upande wa nje, maana nyuzi zilizolegea ndani hunasa kucha.

Sasa idadi ya nyavu. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Ndege wengi waimbaji huhama usiku. Wakikutana na upepo wa mbisho na mvua wakiwa juu ya bahari, hushuka kwenye nchi kavu ya kwanza wanayoiona, na kichaka cha jana kilichokuwa kimya hufurika alfajiri. Niliwahi kuwa katika kituo ambacho msimamizi alisimamisha nyavu kulingana na nguzo zilizokuwepo stoo, kwa kuwa siku zilizotangulia zilikuwa tulivu. Usiku ukanyesha, ukakatika kabla hakujapambazuka, nyavu zikafunguliwa zote. Mzunguko wa kwanza tu wa kukagua nyavu, mifuko ikaisha. Tulipoingia wa pili, manyunyu yakarudi.

Waliojua kutoa ndege wavuni tulikuwa wawili, wengine wote wanafunzi. Nilikuwa na kindege kimoja ambacho uzi ulikuwa umepita nyuma ya ulimi. Ulimi wa ndege una vimiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo ukivuta unauchana. Unautegua uzi taratibu kwa ncha ya kijiti, huku umekishika kichwa kwa vidole viwili. Kazi hiyo haina haraka. Na nyuma yangu walikuwa wananing'inia wengine, manyoya yamegandamana hadi ngozi ya waridi ikaonekana kifuani. Mezani bado watu walikuwa wanapima mabawa, mmoja mmoja, kwa utaratibu kamili, wakati foleni ya mifuko ikirefuka. Wako waliokufa asubuhi ile. Hawakushikwa vibaya. Walikuwa wamevuka bahari, akiba ya mafuta imekwisha, wakaloa na kupatwa na baridi wakingoja zamu.

Kwa hiyo hesabu nyavu kwa mikono inayojua kutoa ndege, usihesabu nguzo. Mzunguko mzima ukamilike ndani ya dakika 20 hadi 30. Ukishindwa, funga baadhi. Mvua ikianza, funga. Upepo mkali au jua kali, funga. Na amueni jioni, kabla ya siku yenyewe, nani ana mamlaka ya kusema "funga", nami nasisitiza awe yeyote aliyeko wavuni, hata mgeni wa jana. Mkizidiwa, acheni vipimo: visha pete, andika, achia. Mkizidiwa zaidi, achia pale pale wavuni bila pete. Kuna watakaolalamikia data. Waache walalamike. Weka pia sanduku lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, kwa ajili ya waliolowa.

Kwa wanaotaka kufuatilia safari, chagua kifaa kulingana na ndege na mahali. Vile vidude vinavyorekodi mwanga wa jua ndivyo vilivyoonyesha Oenanthe oenanthe, ndege wa gramu 25 hivi, akitoka Alaska hadi Afrika Mashariki, takriban kilomita 14,500 kwa safari ya kwenda tu. Lakini lazima umkamate tena ndege yule yule ili usome kumbukumbu. Waliwezana naye kwa sababu hurudi kuzaliana pale pale. Mpita njia wa mwambaoni hana sababu ya kurudi kwenye kichaka chako, hivyo kwake tumia transmita ya redio inayonaswa na vituo vingine njiani. Kabla ya kununua, uliza masafa ya vipokezi vya upande wako: Motus, mtandao wa vipokezi vya aina hiyo, hutumia megahezi 166.380 Marekani na Kanada, na 150.1 sehemu kubwa ya Ulaya. Ukikosea hapo, ndege atapita chini ya antena na hakuna atakayejua.

Uzito wa kifaa pamoja na kamba zake usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Mpigie hesabu akiwa amekonda, maana mhamaji aliyenenepa kwa safari anaweza kukaribia uzito maradufu, na mkanda uliomkaa vizuri leo utalegea atakapofika.

Antena ziangalie mara kwa mara. Chumvi ya bahari hula viungio vya nyaya hata vile vilivyofungwa vizuri, na kipokezi hukaa kimya bila kukuonya. Pakua kumbukumbu kabla betri haijaisha.

Mengine unayajua: maji ya kunywa, kofia, taa ya kichwani yenye betri za akiba, jedwali la maji kupwa na kujaa ikiwa njia ya nyavu inapita ufukweni. Wavu wa chini uinue usiguse majani wala mchanga. Paka wa jirani mfuatilie mapema. Ukifunga nyavu, zikunje na uzifunge kwa kamba kila baada ya hatua chache, kisha zipitie zote tena kwa taa, hata kama umechoka na una hakika hakuna kitu.