Taa za kambi juu ya gari: jinsi ninavyozifunga hapa Kasese, Uganda

Pita Masaka usiku mwezi wa Novemba, utaona mabati yamesimamishwa, chini yake mapipa, na juu taa kali nyeupe zinazoonekana toka mbali. Ni mitego ya senene, wale panzi wa kuliwa. Mdudu anaufuata mwanga, anagonga bati, anateleza hadi ndani ya pipa. Kila dereva anayeniletea gari nimfungie taa za kambi namkumbusha mitego hiyo. Taa nyeupe kali juu ya keria, ile fremu ya mizigo juu ya paa, inafanya kazi ileile, na wadudu wanaangukia sufuria ya mpishi.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nyingi ninazoshika ni Land Cruiser na HiAce zinazopeleka wageni hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, na nyingine zinafika hadi ile ya Murchison. Huku tupo kwenye ikweta. Jua likizama karibu saa moja jioni, giza halichelewi, na usiku ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Kambi lazima iwe na taa, ila ziwe chache, za rangi ya manjano, na zitazame chini. Mengine yote ni ya kuhakikisha asubuhi gari linawaka.

Maelezo haya ni ya gari la volti 12. Malori na baadhi ya Coaster ni volti 24, kwa hiyo pima kwanza kabla hujanunua kitu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya betri

Gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Taa tatu za wati 18 ni wati 54. Gawanya kwa 12, ni ampea 4.5. Ukiwasha saa moja jioni ukazima saa sita usiku, ni saa tano, maana yake umekula ampea-saa 22.5. Betri ya ampea-saa 70 usiishushe chini ya nusu, yaani 35. Hapo uko salama, lakini ukiongeza friji ndogo na simu za wageni sita zinazochajiwa, huko salama tena.

Betri ya kuwashia injini imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kuinyonya polepole kila usiku kunaiua mapema. Anayelala porini zaidi ya siku mbili mfululizo namshauri afunge betri ya pili, yenye kitenganishi kinachoiunganisha na alteneta injini ikiwaka na kuikata injini ikizimwa. Kama mfuko hauruhusu, basi aweke kifaa kinachokata umeme chenyewe volti zikishuka hadi 12.2. Ni kidogo kama kiganja na kimeokoa safari nyingi.

Hatua ya 2: Chagua taa

Angalia rangi kwanza, wati baadaye. Kwenye boksi tafuta kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, 3000 au chini ya hapo. Zile za 6000 zina mwanga wa bluu mwingi, na huo ndio wadudu wanaoufuata zaidi. Manjano hayawafukuzi wote, lakini tofauti utaiona mezani.

Chukua taa ya kutawanya mwanga. Ile ya kumulika mbali ni ya barabarani, kambini inaumiza macho. Iwe IP67, ili vumbi letu jekundu na mvua visiingie.

Kabla ya kulipa, iunganishe kwenye betri huku redio ya gari imewashwa. Taa nyingi za bei ya chini zinaleta mlio wa kukwaruza redioni, na gari la safari bila redio ya mawasiliano ni hatari. Nimewahi kurudisha boksi zima kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Mahali pa kuzifunga

Ninafunga moja kila ubavu wa keria na moja nyuma, juu ya mlango ambapo mpishi anafanyia kazi. Ziinamishe hadi mwanga uangukie ardhi hatua mbili au tatu kutoka kwenye gari.

Kama gari lina paa la kuinuka, usifunge chochote kwenye paa lenyewe. Waya utabanwa kila linaposhushwa, na siku moja utakatika. Funga kwenye keria iliyoshikwa na bodi. Chini ya kila nati weka washa ya kuzuia kulegea, maana barabara zetu zenye mawimbi zinafungua nati kama mkono wa mtu.

Usitoboe paa kama kuna njia nyingine. Ukilazimika, paka rangi chuma kilichochubuka ndipo uzibe kwa silikoni, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Hatua ya 4: Waya

Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba. Kutoka betri hadi nyuma ya Land Cruiser ni kama mita sita, kwenda na kurudi kumi na mbili. Kwa ampea 4.5, waya wa 1.5 unapoteza njiani karibu volti 0.6. Wa 2.5 unapoteza chini ya 0.4.

Ukinunua, iwe Kisekka, kwenye vipuri vya magari kule Kampala, au duka la mtaani, omba kipande, chuna ganda, kisha kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie muuzaji.

Kila unapopita kwenye chuma, weka raba ya kulinda tundu. Hili nalisisitiza kwa sababu ya kazi moja ya mwaka wangu wa kwanza. Nilipitisha waya kwenye ukuta wa injini bila raba, na fyuzi nikaiweka kule nyuma karibu na taa. Gari likaenda Ishasha kupitia Katunguru mara mbili. Mara ya pili mtikisiko ulimaliza ganda la waya, shaba ikagusa chuma. Fyuzi ilikuwa upande wa taa, baada ya jeraha, haikuona kitu. Waya uliungua kutoka betri hadi ukutani, na dereva aliwahi kufungua kichwa cha betri kwa spana huku moshi ukimjaa usoni. Aliponiletea gari, nilipitisha kidole kwenye ukingo wa lile tundu. Ulikuwa mkali kama kisu.

Hatua ya 5: Fyuzi, relei, swichi

Fyuzi ikae shubiri moja kutoka betri, si zaidi. Kwa mzigo huu, ampea 10 inatosha. Ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi.

Relei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo wa swichi yako ili ipitishe umeme mkubwa wa taa. Ina miguu minne. Namba 30 inapokea umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 inapeleka kwenye taa, 86 inatoka kwenye swichi, na 85 inakwenda kwenye bodi. Kwa ampea 4.5 swichi nzuri ingeweza kubeba peke yake, lakini swichi nzuri ni adimu, na mteja mara nyingi anaongeza taa baadaye.

Umeme wa swichi uchukue baada ya fyuzi ileile, usiuchukue kwenye funguo. Ukiuchukua kwenye funguo, utalazimika kuacha funguo imewashwa usiku kucha, na vitu vingine vya gari vitakula betri bila wewe kujua. Swichi iwe nyuma, ambapo mpishi anaifikia.

Taa hizi ni za LED, na LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Ikikataa kuwaka, geuza chanya na hasi kabla ya kuilaumu. Hasi ikwaruzie chuma hadi king'ae, uifunge kwa boliti, kisha paka grisi.

Hatua ya 6: Jaribu gizani

Washa, kisha tembea hadi kwenye hema la mwisho na uangalie nyuma. Ukiiona balbu yenyewe, iinamishe zaidi. Karibu na maji, kama Mweya au Ziwa Mburo, fanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Viboko wanatoka usiku kula nyasi na wanapita katikati ya kambi. Usimmulike kiboko wala usimzibie njia ya kurudi majini. Mtu aliyezoea mwanga mkali haoni kilicho hatua kumi nje yake, lakini kwenye mwanga hafifu wa manjano macho yanabaki na uwezo wa kuona kivuli kinachosogea.

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, weka mita kwenye betri. 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Andika namba hiyo kwenye daftari la gari kila siku ya safari. Ikianza kushuka siku hadi siku na taa ni zilezile, betri inazeeka, ibadilishe kabla ya safari inayofuata.