Pikapu ikiishiwa nguvu mlimani, anza na mfuniko wa tangi

Mwenye pikapu ya zamani ya dizeli, usikubali pampu ya dizeli ifunguliwe kabla ya kujaribu hili. Gari likitoka Uyole, hapa Mbeya, vizuri, likachoka mlimani, kisha likipumzika kidogo linarudi na nguvu zake, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia "fyuuu", hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani, basi tundu la kupumulia limeziba vumbi na mafuta hayafiki sawasawa. Lizibue. Mimi niliuziwa nozeli (vinyunyizio vya dizeli) nne nisizozihitaji kabla ya kulijua hilo, na bado linaniuma.

Kimya? Badili filta ya dizeli, kagua ya hewa. Sogeza pia kiganja kwenye rimu; yenye joto kuliko nyingine, breki yake inakamata.

Ila Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari: injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupungua nguvu kidogo hata ikiwa nzima.