Kuchagua Mimea ya Bustani ya Nyumbani Katika Ardhi ya Pwani

Kabla ya kununua mche wowote kwa ajili ya nyumba iliyo karibu na bahari, chimba shimo la kina cha sentimita 30 na uchunguze kilichomo, kwa kuwa mchanga mtupu hupitisha maji upesi na kuondoka na rutuba, ilhali jiwe la matumbawe huzuia mizizi kushuka na kuijaza ardhi chokaa. Chokaa hiyo huifanya mimea ishindwe kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani.

Maji ya kisima yakiwa na chumvi, usipande maharage wala mparachichi, hata kama muuza miche atakuhakikishia kwamba vitastahimili. Mkomamanga, mtende na mnazi huvumilia chumvi vizuri zaidi, na upande unaopigwa na upepo wa bahari mkungu hufaa sana, mradi kuna nafasi ya kutosha mbali na kuta.

Penye mwamba, mwarobaini na shubiri ndiyo mimea ninayoipendekeza kwa moyo wote. Mboga zipandwe katika matuta yaliyoinuliwa, yenye samadi iliyooza vizuri na kufunikwa nyasi kavu. Panda mwanzoni mwa masika, ili mvua ioshe chumvi na mizizi ishike kabla ya kiangazi.