Wakikuandikia "should", usifungashe mizigo

Naanza na onyo, kwa sababu najua wengine mnasoma mistari miwili mnafunga. Ukiwa Uingereza, ukapata barua pepe inayosema nyumba, kazi, hati au pesa yako "should be ready" tarehe fulani, usihame, usiache kazi, usikate tiketi, usitangaze kwenye grupu la familia. Hujaahidiwa kitu. Umeelezwa tu mtu wa ofisini anategemea nini.

Shuleni tulifundishwa kwamba "should" ni "inapaswa". "You should respect your parents." "Students should wear uniform." Mwalimu akaandika ubaoni, tukanakili, tukafaulu. Kwa hiyo Mswahili akisoma "The flat should be ready on the first" anaelewa kwamba kuna mtu amebanwa na wajibu, na nyumba isipokuwa tayari kuna wa kuulizwa. Mwingereza aliyeandika hana wazo hilo kabisa. Yeye amesema: nadhani itakuwa tayari, mambo yakienda ninavyotarajia. Neno ni lilelile la ubaoni, ila hapa linatabiri. Halimfungi mtu.

Mimi lilinikuta kwenye nyumba. Tulikuwa tunabanana chumba kimoja na sebule, mtoto wa pili ameshaanza kutambaa, wakala akatuonyesha nyumba ya vyumba viwili jirani na shule ya mkubwa. Ukaguzi wa mshahara, barua ya mwajiri na uthibitisho wa haki ya kupanga vilipita bila shida. Hayo andaa mapema, hayana hadithi. Nikalipa pesa ya kushikilia nyumba, ambayo kwa sheria ya England ya mwaka 2019 haitakiwi kuzidi kodi ya wiki moja. Kisha ikaja barua pepe, ambayo ninayo mpaka leo: "You should be able to move in on the 1st. We'll be in touch about the keys." Nikatoa notisi kwa mwenye nyumba wa zamani, tukakodi van, mume wangu akaomba ruhusa kazini.

Siku mbili kabla ya kuhama nikapiga simu kuulizia funguo. Dada wa mapokezi akasema mpangaji aliyemo bado hajatoka, "he might be out by the end of next week". Nikamwambia, dada, mliniandikia tarehe moja. Akaniomba nishike simu, akaisoma ile barua, akarudi na upole uleule: "It does say should." Hakuwa na jeuri hata kidogo. Kwake sentensi ilikuwa imeshasema kila kitu. Chumba chetu cha zamani kilikuwa kimeshapata mtu, kwa hiyo tukahamia sebuleni kwa shemeji yangu, watoto kwenye godoro, masufuria na nguo kwenye gereji ya rafiki. Pesa ya kushikilia nyumba ilirudi. Pesa ya van haikurudi, wala mishahara ya siku tulizokosa kazini.

Narudia: "should" ikiambatana na tarehe ni makadirio. "We hope to", "we're looking to", "we expect to" ni makadirio. "Hopefully" ni makadirio ya mtu ambaye hata yeye ana shaka. "Might" na "could" ni huenda, tena huenda ya mbali. "Subject to contract" na "subject to references" maana yake hakuna makubaliano mpaka hayo yakamilike, hata kama aya nzima iliyotangulia imejaa tabasamu. Na msidanganywe na ile "we'll be in touch". Ina "will" ndani yake lakini haina siku wala jina la mtu wa kukutafuta. "Will" ya kutegemea ni ile yenye mambo matatu: nani, nini, lini. "Your landlord will hand over the keys on 1 March" ni sentensi unayoweza kumwonyesha mtu kesho yake.

Ukipata "should", usinung'unike, jibu barua. Andika hivi, neno kwa neno kama hujiamini: "Please confirm in writing that the keys will be available on 1 March. I will give notice on my current home only after I have your confirmation." Wakiweza kuthibitisha, watathibitisha ndani ya siku moja. Wasipoweza, watakujibu kwa "should" nyingine, na hapo umeshajua. Usitoe notisi mpaka mkataba uwe umesainiwa pande zote mbili. Usitoe notisi. Nyumbani unamalizana na dalali, unalipa miezi sita, unakabidhiwa ufunguo mkononi na mjumbe anakujua. Huku kati ya maneno na ufunguo kuna njia ndefu, na kila hatua ya njia hiyo ina kitenzi chake.

Upande wa pili wa mtego uko kwetu wenyewe. Kuna watu Dar, Nairobi, Kampala na Bujumbura wanaochukua pesa za ndugu zetu kwa sentensi moja: "You will get the visa." Shangazi zangu, wajomba zangu, naomba mnisikilize kwa upendo. Anayetoa uamuzi ni ofisa wa Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, na yule wa kwenye kiofisi cha ghorofani si ofisa wa Home Office. Mtu asiye na mamlaka akisema "will" kuhusu jambo la mtu mwingine, ogopa "will" hiyo kuliko "should" yoyote. Hata serikali yenyewe, kwa viza ya matembezi, inasema uamuzi hutoka "usually" ndani ya wiki tatu. Hiyo "usually" wameiweka makusudi. Msikate tiketi isiyorudishwa pesa kwa kutegemea "usually".

Tukija kwenye kusema wenyewe, habari ni njema kuliko vitabu vinavyotutisha. Sisi tuna -ta- na tunadhani inabeba kila kitu, ndiyo maana tunamwaga "I will" kila mahali. Lakini sikilizeni tunavyozungumza kweli. Mtu aliyeshika tiketi hasemi "nitasafiri Agosti", anasema "nasafiri Agosti", na Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "I'm travelling in August." Ukiangalia wingu jeusi unasema "mvua inataka kunyesha", nao wanasema "it's going to rain", kwa sababu dalili ziko mbele ya macho. Basi la kwenye ratiba "linaondoka" saa tatu, nao wanasema "the bus leaves at nine". Na simu ikilia ukaamua papo hapo, "nitapokea mimi", hapo ndipo "I'll get it" inapokaa. Pia utabiri wa kichwani tu, usio na dalili ya kuonyesha, huchukua "will", mara nyingi na "I think" au "probably" pembeni: "I think prices will go up."

Tofauti hii inauma kazini. Mwambie meneja "I will travel in August" naye anasikia mtu aliyeamua sasa hivi, bila kuomba. Mwambie "I'm going to visit my mother in August" anasikia nia, ataanza kuuliza umeshapanga nini. Ukisema "I'm flying on the 9th" kabla likizo haijaidhinishwa, anasikia umekata tiketi bila ruhusa yake. Kama bado unaomba, omba: "I'm hoping to take leave in August. Would that be possible?" Nimefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nimeona wenzetu wakiitwa ofisini kwa sababu ya kitenzi, meneja akidhani ni kiburi.

Na acheni kujibu "I'll try" mnapoombwa zamu ya Jumamosi. Kwetu "nitajaribu" ni njia ya adabu ya kusema siji, na kila mtu anaelewa. Huku jina lako linaweza kuandikwa kwenye ratiba, kisha usipotokea wewe ndiye uliyevunja neno. Lakini pia usiseme "I won't come". "Won't" ya namna hiyo ina ladha ya kukataa, kama tunavyosema gari halitaki kuwaka: "the car won't start". Sema "I can't do Saturday, I'm sorry." Fupi, na hakuna anayekasirika.

Kosa linalotutambulisha kabla hata ya lafudhi ni "when I will arrive, I will call you". Baada ya "when", "if", "until", "before", "after" na "as soon as", ukizungumzia yajayo, "will" haiingii: "When I arrive, I'll call you." Dawa ni kuchagua Kiswahili unachokitafsiri kichwani. Ukianzia na "nitakapofika" utaivuta "will" pamoja nayo. Ukianzia na "nikifika, nitakupigia", sehemu ya kwanza haina -ta- kabisa, na Kiingereza kinatoka sawa. Mfundisheni hivyo mtu anayekuja, atashukuru.

Nimekaa na Waingereza muda wa kutosha kuwa na maoni yangu. Wanaogopa kuahidi. Ahadi kwao ni kitu ambacho mtu anaweza kukudai, pengine kwa wakili, kwa hiyo wamejenga lugha nzima ya kukwepa bila kudanganya. "We must have you round some time" haina siku, kwa hiyo si mwaliko. Usipike pilau ukapeleke. "I'll see what I can do" mara nyingi ni hapana iliyovaa koti. Mwanzoni niliona ni unafiki, sasa naona ni uangalifu uliopitiliza, na bado naudhika nao. Sisi tukisema "tutaonana kesho, inshallah", tunamwachia Mungu nafasi yake lakini miguu yetu tunaiahidi. Wao wameondoa Mungu wakaweka "hopefully", na miguu hawaiahidi. Ila niwape haki yao: Mwingereza akikwambia "I'll be there at six" anafika saa kumi na mbili jioni kamili, na wewe ukifika na nusu amekuhesabia.

Kwa jamaa wa nyumbani nina ombi moja. Mtoto wenu akisema "I might come at Christmas", msimfungulie mbuzi. Mwaka juzi shangazi yangu wa Tanga alinipigia. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba mwanangu. Umesema unakuja, tumeshamwambia fundi apake chumba rangi." Nilikuwa nimesema huenda, likizo haijatoka. Alivyosikitika nilisikia mpaka kwenye pumzi yake. Siku hizi namwambia kwa maneno anayoyapima mwenyewe: tiketi bado, au tiketi ninayo.

Kama unaomba viza na unajiandaa na mtihani wa kuzungumza Kiingereza wa Trinity College London, Grade 5, ambao ni kiwango cha B1, yaani Kiingereza cha kati, mazungumzo ni dakika 10 na "will" ya kueleza na kutabiri yajayo imo kwenye mambo wanayotaka kuyasikia. Andaa mada yako, na uhakikishe ina mipango na utabiri wa kweli unaoweza kuuelezea ukiulizwa swali la ghafla: sherehe ya familia inayokuja, nani anasafiri, nini kimeshapangwa, nini bado ni "might". Jisajili mapema na kituo kilichoidhinishwa kwa ajili ya viza, na ufike na pasipoti yako halisi, si nakala.