Mbegu chache, fuwele kubwa: kukuza grafini juu ya shaba

Tabaka moja la grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja, juu ya shaba limekuwa rahisi tangu kundi la Rodney Ruoff kule Texas lilipoonyesha njia mwaka 2009. Kaboni karibu haiyeyuki ndani ya shaba, kwa hiyo uso ukishafunikwa, methani, gesi inayoleta kaboni, hukosa shaba ya kuivunja na ukuaji husimama wenyewe. Kazi ni kupata fuwele moja kubwa. Zikiota mbegu elfu, yaani vitone ambako fuwele huanzia, utapata viraka elfu, na kila mshono hukwamisha elektroni.

1. Chukua foili ya shaba ya maikromita 25. Ing'arishe kwa umeme ndani ya asidi ya fosforiki, kwa sababu mbegu hupenda kuota kwenye mikwaruzo ya kiwandani. Suuza, kausha.

2. Ikunje kama bahasha, ubane kingo zote. Methani itapenya kidogo kidogo, na mvuke wa shaba hautapotea. Tumia uso wa ndani. Kwa ujanja huu, mwaka 2011 zilipatikana fuwele za nusu milimita.

3. Iweke kwenye bomba la kwatzi, nyonya hewa, tafuta mvujo. Usiwe na haraka hapa: mvujo mdogo tu hukuharibia siku nzima.

4. Pitisha haidrojeni, pandisha joto hadi nyuzi 1035 za Selsiasi. Shaba huyeyuka karibu 1085, basi hakiki kipimajoto chako kwanza.

5. Ingiza oksijeni kiduchu mno kwa dakika chache, bomba likiwa karibu tupu. Hushika sehemu za shaba ambako mbegu zingeota. Hatua hii ndiyo iliyofikisha fuwele kwenye sentimita mwaka 2013.

6. Sasa methani, kidogo sana, haidrojeni ikizidi. Subiri saa kadhaa, kisha poza haraka.

Swali: Mkuu, nitazionaje bila hadubini ya elektroni?
Jibu: Pasha foili hewani, nyuzi 200 hivi, dakika moja au mbili. Shaba tupu huwa nyekundu, palipo na grafini hubaki pakimeremeta.

Swali: Zangu zina matawi, si pembesita. Nimekosea?
Jibu: Hapana, ndugu. Oksijeni huharakisha kingo kuliko kaboni inavyofika, ndiyo maana fuwele hutoa matawi. Bado yaweza kuwa fuwele moja.

Swali: Haidrojeni inanitisha.
Jibu: Una haki. Hewani huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Anza na mtungi uliochanganywa na agoni, gesi isiyowaka, haidrojeni ikiwa chini ya asilimia 4.