Dume Amemaliza Miaka Mitatu Zizini, Sasa Anapanda Binti Zake

Mwulize mfugaji kwa nini mtamba wake, yaani ng'ombe jike mchanga, hafikii maziwa ya mama yake. Atataja pumba, atataja majani, atataja kiwele kilichougua mwaka juzi. Baba wa mtamba hamtaji, na mara nyingi jibu limefungwa hapo nyuma ya zizi, linacheua.

Niliwahi kuitwa kwenye zizi la ng'ombe saba. Mwenyewe alikuwa ameongeza kilo mbili za chakula cha kukamulia kila siku na maziwa hayakupanda. Nikauliza, baba wa huyu mtamba ni yupi? Akamnyooshea dume kidole. Na baba wa mama yake? Kidole hakikushuka. "Huyu ana mbegu nzuri, nimtoe ili iweje?"

Mbegu ni nzuri kweli, lakini kwa ng'ombe wasio damu yake. Dume akimpanda binti yake mwenyewe, ndama anabeba kile tunachokiita kiwango cha udugu wa damu, yaani uwezekano wa kurithi kinasaba kile kile cha mzee mmoja kwa baba na kwa mama pia, cha asilimia 25. Akimpanda mjukuu wake, au mwanawe akiwapanda dada zake wa baba mmoja, ni asilimia 12.5. Kikomo kinachopendekezwa na wengi ni 6.25. Kwa ng'ombe wa Friesian, makadirio mengi yanasema kila asilimia 1 ya udugu hupunguza takriban kilo 20 hadi 40 za maziwa kwa uzao mmoja, yaani kipindi cha kukamuliwa baada ya kuzaa mara moja. Chukua hiyo ya chini, 20. Zidisha kwa 25, ni kilo 500. Gawanya kwa siku 305 za kukamua: zaidi ya kilo moja na nusu kila siku, na hakuna pumba ya kuzirudisha. Hapo sijahesabu mimba zinazokataa kushika na ndama wanaozaliwa dhaifu.

Tena dume mzuri anaweza kuficha jambo. Huko Marekani mwaka 1962 alizaliwa dume wa Holstein, aina ya ng'ombe wa maziwa, aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walikuwa zaidi ya 16,000, na walikamuliwa maziwa mengi kwelikweli. Miongo kadhaa baadaye ikagundulika kwamba alibeba kinasaba chenye kasoro: ndama akikipata kwa baba na kwa mama pia, anafia tumboni. Akikipata upande mmoja tu, haonekani na tatizo lolote. Sasa hebu fikiria dume wako ana kasoro ya namna hiyo na unampandishia binti zake. Kwa wastani mimba 1 kati ya 8 imepotea, na wewe utamlaumu mhimilishaji, yule anayepandikiza mbegu kwa mrija, au jirani mwenye jicho baya.

Muda, basi, na hapa naomba tuhesabu pamoja. Dume akiingia leo, binti zake wa kwanza wanazaliwa baada ya miezi 9. Mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kuingia joto akiwa na miezi 9 tu. Kwa hiyo mwezi wa 18 dume awe ameondoka. Kungoja "akimaliza msimu huu" ndiko kunakofikisha miaka mitatu. Ndama wa kiume nao watengwe na dada zao wakifika miezi 6, maana wa miezi 8 anaweza kutia mimba huku wewe ukimwita mtoto. Na kubadilishana madume na jirani kusikudanganye: nimeshaona dume wa kubadilishana ambaye ni mtoto wa yule yule aliyeondoka. Uliza baba yake kabla ya kumtazama shingo. Uliza pia kama amepimwa ugonjwa wa kutupa mimba.

Wanaotumia uhimilishaji wanajiona wamepona. Hawajapona. Mrija wa mbegu umeandikwa namba ya dume ubavuni. Mhimilishaji akimaliza anautupa, na wewe unamtazama. Uombe. Siku hiyo hiyo, si Jumapili ukipata nafasi, andika tarehe, jina la ng'ombe na namba ya dume. Miezi 24 baadaye, binti wa mimba hiyo akiwa na miezi 15 na yuko tayari kupandishwa, namba hiyo ndiyo itakayokuokoa. Uliza na baba wa dume mpya: kama dume huyo na baba wa mtamba wako walizaliwa na baba mmoja, ndama atafika kwenye ile 6.25, na huo ndio mwisho wa kuvumilia.

Daftari hilo hilo liandike maziwa, kwa kuwa dume hupimwa kwa maziwa ya binti zake. Mara moja kila mwezi, siku 30 baada ya kipimo kilichopita, pima ya asubuhi na ya jioni kwa mizani. Ukitumia chombo chenye alama za lita, subiri povu litulie kwanza. Povu si maziwa! Halafu linganisha uzao wa kwanza wa binti na uzao wa kwanza wa mama, kwani mtamba kwa kawaida hutoa kama robo tatu tu ya atakachotoa akikomaa. Wengi wanamlinganisha na mama aliye kwenye uzao wa nne, kisha wanamuuza mtamba asiye na kosa.

Ukibadilisha dume kwa wakati, unaongeza nafasi ya mimba kushika na ndama kuzaliwa na nguvu.

Na yule mtamba aliyekwisha kuzaliwa na babu yake? Usimchinje kwa hasira. Endelea kumkamua, mpandishe kwa dume asiye na damu yake kabisa, upande wa baba na upande wa mama. Ndama atakayezaliwa udugu wake wa damu ni sifuri.